Tarumbeta Lililokoroma

Leo nimejiaibisha mbele ya bendi nzima ya kanisa.

Mnajua napiga yufoniamu, lile tarumbeta nene la kupakatwa. Tunayo mawili: jipya napiga mimi, na kuukuu lililobonyeabonyea ni la Mama Rhoda.

Wiki nzima nimekuwa nikisema hilo kuukuu litupwe, linatuharibia sauti.

Leo mazoezini, hapa Buxton, mwalimu wa bendi akachoka nami. "Geukia ukuta. Mama Rhoda atapiga yote mawili, nawe utuambie lipi ni lipi."

La kwanza likatoka laini, sauti imejaa, hadi nikafumba macho.

La pili likakoroma kama mtu mwenye mafua.

"Hilo la pili ndilo bovu!" nikasema, tena kwa nguvu.

Nikageuka. Mama Rhoda alikuwa amepakata langu.

Hakucheka. (Afadhali angecheka, jamani!) Alifungua kitundu cha kutolea maji, akapuliza, na mate yangu ya wiki nzima yakamwagika sakafuni, watu wakitazama.

"Si bovu, mwanangu. Hulimwagi maji."

Kisha akalipiga tena. Lilikuwa tamu kweli.

Haya, nichekeni. Deki nimeshapiga.