Watu Sita Mbele ya Hema la Ngozi

Kila nikibandua plasta, harufu ya gundi yake hunirudisha St Marys, mtaani kwetu Sydney, kwenye ile lokdauni ndefu. Mama alizileta kutoka kazini kwake, hospitali ya Westmead, na Bibi akazitumia kuziba kamera ya laptop yangu ya shule. Bibi alikulia Kivu, akazeekea kambi ya wakimbizi Tanzania, na hakuamini kitu chochote kinachotazama watu. Walimu wangu walizoea kunisikia sauti tu.

Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Mwalimu wa historia alitugawia picha za kale za wenyeji wa nchi za barafu, kaskazini ya mbali kabisa, pamoja na sensa walizoandikiwa na maofisa wageni. Yangu ilionyesha familia mbele ya hema la ngozi, wote wamekunja uso. Sensa yao ilisema: mume, mke, watoto watatu. Bibi aliinama mpaka pua ikakaribia kugusa kioo.

"Beko sita," akasema. "Juu ya nini banaandika batano?"

Kweli walikuwa sita. "Bibi, it's just homework," nikamwambia. "Labda mmoja ni jirani."

Alinitazama kana kwamba nimekula njama na maofisa wenyewe. Akanionyesha kwa kidole: yule mama alikuwa amemshika bega msichana mkubwa.

"Mutoto wa jirani habamushikake vile."

Tangu hapo sikupumua. Asubuhi, uji ungali mdomoni, alitaka nimfungulie picha. Alimshuku ofisa, akamshuku mpiga picha, hata mwalimu wangu hakupona. Mimi nikaanza kumshuku yeye. Nilihisi kuna jambo ananificha, na niliogopa.

Sensa yetu nayo ikatukuta humo humo ndani. Baba alikuwa akiijaza kwenye simu, Bibi amemsimamia mgongoni.

"Umeandika Neema?"

"Mama, banataka benye banalala humu ndani leo."

"Na kule balisema vile vile."

Baba akainuka, akaenda kuosha vyombo vilivyokuwa safi. Nilikasirika, maana hakuna aliyenieleza. Shangazi Neema nilimjua kama sauti ya simu ya kila Jumapili tu, na mashangazi nilikuwa nao tele. Kila mama wa kanisani kwetu ni shangazi.

Nilikuwa nimeshamaliza shule Baba aliponiambia kwamba Neema ni dada yake wa tumbo moja. Siku ya kuhesabiwa kambini alikuwa ametoka kutafuta kuni. Aliporudi, hesabu ilikuwa imefungwa, na familia yetu ikaletwa Australia bila yeye. Iliniuma sana. Ndipo nikaelewa kwa nini Bibi hakuweza kuuacha ule mkono begani.

Na ndipo nikaikumbuka upya Jumapili iliyofuata sensa. Shangazi alipiga kama kawaida, tukaweka simu mezani ili wote tumsikie. Akauliza kwa furaha, "Mumehesabiwa bote?"

"Bote," Baba akajibu upesi.

Bibi akaivuta simu kwake.

"Hapana, mutoto wangu. Kunabakia mumoja."