Bamba la Mizani

Injini ya mjomba wangu ilianguka mtoni asubuhi, mbele ya watu wote waliokuwa wakingoja kuvuka Lualaba pale Nyangwe, na hakukuwa hata na upepo. Bolti mbili zilizoishika kwenye ubao wa nyuma wa boti zilikuwa zimelegea kidogo kidogo kwa majuma mengi. Siku hiyo alipoongeza mwendo, injini ikajing'oa, ikapiga maji mara moja, ikazama.

Nilimwuliza kwa nini hakuwa ameifunga kamba ya akiba. Alinitazama kana kwamba nimemtukana.

"Mwipwa, ukifunga injini kamba unaambia mto kwamba unangojea ianguke. Mto inasikia."

"Na usipoifunga, haisikii?"

"Wewe na masomo yako."

Wenye boti wote wa pale hufikiri hivyo. Hakuna injini hata moja iliyofungwa kamba Nyangwe, na kila mmoja anamjua mwenzake aliyepoteza yake. Nilikuwa tayari kubishana jioni nzima, lakini mjomba aliketi kwenye ukingo wa boti huku ameshika ule ubao mtupu, nikaketi kando yake. Boti ile ndiyo iliyonisomesha hadi shahada ya fizikia. Bila injini haiwezi kupanda mto na magunia ya mpunga. Na mchanga wa Lualaba hauachi kitu kilale juu yake siku nyingi.

Wavuvi walijaribu kwa pumzi zao. Walirudi wakisema chini ni giza na maji yanasukuma. Kisha wote wakanigeukia mimi, kwa sababu nyumbani kwa bibi nilikuwa na chupa mbili za hewa.

Kuzamia nilijifunza Kalemie wakati wa likizo za chuo, kwa wanaume wanaokamata ziwani samaki wadogo wa rangi. Nilijifunza kwa jile, kile kizibao chenye mfuko wa hewa unaozunguka kifua na tumbo. Ukilijaza unaelea, ukilitoa hewa unashuka. Aliyenifundisha hakulipenda. Yeye alivaa bamba la chuma mgongoni, limeshikwa kwa mkanda mmoja tu, na kati ya bamba na chupa aliweka mfuko wa hewa uliotanda pande mbili, ambao yeye na wenzake waliuita bawa. Alilisifu bamba lake kama mhubiri. Nilipomwuliza amepima nini, alijibu, "Vaa, utaona." Kwangu hilo si jibu. Siku niliyoondoka alinipa bawa lake la zamani na mkunjo wa mkanda mpya, akasema bamba nitalitafuta mwenyewe siku nitakayochoka kubishana. Vitu hivyo vilikaa miaka miwili chini ya mfuko wangu.

Kwa hiyo nilishuka na jile. Mjomba alishika kamba yangu kutoka botini: mvuto mmoja, niko salama, mitatu, nimepata. Kina hakikuwa kirefu, labda mara tatu ya urefu wa mtu, lakini maji ni ya rangi ya chai na sikuuona hata mkono wangu. Nilitafuta kwa kupapasa. Kila nilipotia hewa kidogo ili nisizame mchangani, jile lilinyanyua kifua, miguu ikashuka, nikawa nimesimama wima, na mto ukanisukuma kama unavyosukuma mlango. Chupa ikayumba kushoto, nami nikayumba nayo. Kisha mfuko wa jile ukanasa kwenye uzi wa ndoano ulioachwa na mvuvi, na nilimaliza hewa nyingi kuukata. Nilipanda juu na kasia bovu la mtu nisiyemjua. Chupa moja ilikuwa tupu.

Kasongo, mji wetu wa karibu, hakuna wa kujaza chupa kama zile. Pa karibu ni Kalemie, siku kadhaa za pikipiki kwa njia ya Kabambare, kwenda na kurudi. Ilibaki chupa moja, yaani nafasi moja.

Usiku ule sikulala vizuri, nikifanya hesabu. Mahali hewa inapokaa ndipo mwili unaponyanyuka, na mahali chuma kinapokaa ndipo unaposhuka. Jile liliweka hewa kifuani, na vipande vya risasi vya kunizamisha nilikuwa nimevifunga kiunoni. Nilikuwa nimejitengenezea mwenyewe nguzo, kisha nikaulaumu mto. Yule mhubiri wa Kalemie angeweza kuniambia hivyo kwa maneno mawili. Au labda aliniambia, nami nilikuwa nasikiliza sauti yake tu.

Asubuhi nilipanda pikipiki hadi Kasongo, kwa fundi wa kuchomea vyuma nyuma ya soko. Ni mzee mwenye kofia nyeupe ambayo sijui anaihifadhije na moshi ule wote. Nilimchorea bamba kwenye karatasi: urefu kutoka shingoni hadi kiunoni, mkunjo katikati ili chupa ipate pa kulala, matundu ya mkanda, mawili mengine ya bolti.

Aliigeuza karatasi juu chini.

"Mademozeli, hii iko mlango ya nini?"

"Ni ya mgongo, papa fundi. Ya kuzamia."

"Unataka kuzama, unaongeza chuma?"

"Ndiyo."

"Chuo walikufundisha hii?"

Alicheka hadi akakohoa. Kisha akaingia ndani, akatoka na bamba la mizani ya zamani, lile la juu linalowekewa magunia, chuma kizuri kisichoshika kutu. Alilipigapiga kwa ukucha na kusikiliza. Nilimwuliza anasikiliza nini. Akasema anasikiliza kama lina ufa. Nilitaka kujua ufa unasikika vipi, naye, badala ya kukasirika, akatafuta kipande chenye ufa akanipigia vyote viwili, kimoja baada ya kingine, hadi nikasikia tofauti. Kuanzia hapo nilimheshimu.

Alilikunja juu ya kipande cha reli, kwa nyundo, bila mashine yoyote. Kila baada ya mapigo machache alipima kwa chupa yangu yenyewe, akinung'unika. Kukata na kukunja kulimchukua asubuhi. Mchana wote uliobaki aliutumia kusugua kingo. Nilimwambia inatosha, nina haraka.

"Haitoshi. Chuma yangu ikimukwaruza mutu chini ya maji, atanilaani na mapovu, na mimi sitasikia nijitetee."

Aliponikabidhi aliongeza, "Hii bamba nataka kuiona tena. Na wewe ndani yake."

Kazi iliyobaki ilikuwa mkanda, na hapo nikarudia kosa lilelile la kushikamana na jile, kwa njia nyingine. Nyumbani kwa bibi, Nyangwe, nilitandaza kila kitu kwenye mkeka, nikachukua kisu. Nia yangu ilikuwa kuukata mkanda vipande vinne na kuweka vifungo mabegani, kama vya jile, ili niweze kujifungua haraka. Mkanda mmoja usiokatwa, wenye kifungo kimoja tu tumboni, ulionekana kwangu kama mtego.

Bibi alikuwa akichambua mchele. Ni mtu wa upande wa Kabambare, na kwa miaka mingi alibeba mihogo mgongoni kwenye kikapu chenye ukanda mmoja wa gome la mti.

"Unakata nini?"

"Mkanda, bibi. Niweke vifungo."

"Ulegee mahali ngapi?"

Aliweka ungo chini, akaniondolea kisu, akaniinamisha kama mtoto anayevalishwa, akaniwekea mgongoni bamba, nililokwisha kulifungia bawa na chupa. Alipitisha mkanda kwenye matundu ya juu, ukashuka mabegani, ukapita chini ya kwapa, ukaingia matundu ya chini, ukatokea tumboni. Mmoja, mzima. Hakuwa amewahi kuona bamba la mzamiaji maishani mwake.

"Mzigo usiotulia unakubeba wewe," alisema. "Tembea."

Nikatembea uani, nikainama, nikajigeuza. Chupa haikucheza. Ilikuwa kana kwamba imeota hapo. Nikavuta mkanda zaidi, kama nilivyozoea kulikaza jile lisipande shingoni, naye akanipiga kofi mkononi.

"Ngumi yako inaingia hapo kifuani?"

Haikuingia.

"Basi hujabeba. Umefungwa."

Akaulegeza hadi ngumi ikapita. Nikamwuliza, na hili ndilo lililonitia hofu kweli, nitatokaje humo chini, gizani, kitu kikininasa. Bibi hakueleza. Alinionyesha jinsi wanawake wanavyoshusha mzigo njiani bila kuuangusha: bega moja linashuka, kiwiko kinarudi nyuma na kupanda, mkono unatoka, na mzigo wote unazunguka kuja upande mmoja. Nilijaribu mara ya kwanza, nikakwama. Mara ya tatu nilitoka nikiwa nimefumba macho. Alinirudisha ndani yake mara kumi nyingine, na mchele ulingoja.

Siku iliyofuata nilishuka tena mahali palepale. Mjomba alipakumbuka kwa kulinganisha paa la msikiti na mnazi mmoja uliopinda. Juu ya maji bawa lilinisukuma uso mbele, likataka ninywe mto, nikawaza: haya, ndilo hili linalosifiwa? Jile halikuwahi kunifanyia hivyo. Kasoro hiyo ipo, nami naiandika kwa sababu yule wa Kalemie hakuitaja.

Kisha nikashuka, na nikiwa chini sikuwa na ubishi tena. Nililala. Sijui neno jingine. Uzito ulikuwa umetandazwa mgongoni na hewa ilikuwa juu yangu, kifua kilikuwa wazi, nikapumua taratibu kama mtu aliyelala kifudifudi kitandani. Mto ulipita juu ya mgongo badala ya kunisukuma kifuani. Nilivuta mwili kwa ncha za vidole kandokando ya mchanga, kamba ya jiwe la nanga ikinipa duara la kutafutia, duara dogo kwanza, kisha kubwa zaidi. Uzi wa ndoano ulinigusa begani na kupita, kwa kuwa mbele sikuwa na kitu cha kunasa. Hewa niliyoimaliza kwa jile ilikuwa sasa inanitosha mara mbili.

Duara la nne, vidole vikagusa kitu chembamba, baridi, chenye mkunjo. Nilikipapasa polepole, nikiogopa kuamini. Lilikuwa panka la injini, lile linalozunguka majini. Mengine yote yalikuwa yamefukiwa. Nilichimba kwa mikono nikiwa nimelala vilevile, nikafunga kamba nene shingoni mwa injini, fundo mara mbili, kisha nikavuta yangu: moja, mbili, tatu. Hata chini ya maji nilisikia miguu ikikanyaga mbao za boti.

Injini ilipovutwa juu, mekanika aliifungua yote ufukweni siku hiyohiyo, akamwaga maji na mchanga, akaosha kila kipande kwa mafuta. Ilikohoa siku mbili. Ya tatu ikawaka. Fundi wa Kasongo alipoliona bamba lake alilipiga kwa ukucha, akasikiliza, ndipo akanisalimu.

Bado nina maswali. Mto ulikuwa umepungua kidogo siku ile ya pili, na mara ya pili mtu hupajua mahali. Sijui ni sehemu gani ya kazi niipe bamba na ipi niipe maji. Lakini jile nimelitundika ukutani kwa bibi, na anawekea vitunguu katika mifuko yake.

Kilibaki kipande cha mkanda cha urefu wa mikono miwili. Siku boti iliporudi kazini, mjomba alikuja akakiomba bila kunitazama. Nilimfuata hadi ufukweni. Alikipitisha kwenye mshikio wa injini, akakizungusha kwenye mbao za nyuma, akakaza. Kabla ya kufunga, aliingiza ngumi kupima.

"Mjomba, sasa unaambia mto nini?"

"Panda boti, mwipwa. Watu wanangoja."