Swali Ambalo Halikuwemo Kwenye Dodoso

Saa mbili kasoro robo asubuhi, Asnath Kapaya anashuka kwenye pikipiki kabla hajafika anakokwenda. Nyumba ya Imakulata iko mbele, hatua kama mia tatu, lakini amemwambia dereva amwache hapahapa penye mihogo. Hataki mlio uwaite majirani.

"Leo nakuja kama mwizi," anamwambia mwandishi wa gazeti aliyefuatana naye, akikaza mfuko wenye kishikwambi. "Mara ya kwanza nilikuja kama bibi harusi, watu wakatoka kunitazama. Unaona kilichotokea."

Asnath, mwenye umri wa miaka arobaini na mmoja, ni mdodosaji. Anaishi Cheyo, Tabora mjini, na kazi yake ni kuingia nyumba za watu, kuuliza maswali sabini na manne na kujaza wanachojibu. Wanaomtuma wanapima tabia ya kuuona ulimwengu kwa namna isiyo ya wengi: kusikia kisichosikika na mwingine, kushuku watu, kujitenga, kuamini ishara. Wataalamu wana jina lake, skizotipia. Asnath hulitaja mjini tu.

"Si ugonjwa. Semina walitwambia kila mtu anazo, huyu chembe, yule kibaba," anaeleza. "Wanachotaka kujua ni kama mwenye kibaba anashindwa kulima, kupika, kwenda kanisani, kukaa na jirani."

Kabla ya hapo alikaa Urambo miaka tisa akipanga tumbaku kwa madaraja, mpaka kifua kikagoma. Sasa kila dodoso lililokamilika humpa shilingi elfu tisa. Anasema kazi hizi mbili ni ndugu, ila hii inatisha zaidi.

"Jani ukilikosea daraja linarudi mezani. Mtu ukimkosea, unamrudisha wapi?"

Na yeye amemkosea mtu. Ndiye anayemrudia asubuhi hii.

Wiki mbili zilizopita alifika hapa Kigwa kumhoji Imakulata, mjane wa miaka sitini na mitatu, mkulima wa mahindi na karanga. Majirani walikuja kumwamkia mgeni, kama ilivyo ada, naye akangoja waondoke. Aliyebaki ni Recheli, wifi yake Imakulata, aliyesema anakwenda kuteka maji. Kumbe ndoo alikuwa bado anaitafuta nyuma ya nyumba.

Wakafika swali la tisa: umewahi kusikia mtu akikuita, ukatazama usimwone?

"Ndiyo," alijibu Imakulata bila wasiwasi. "Marehemu mume wangu. Alfajiri. Ananiita Ima, kama zamani."

Dodoso lilitaka ndiyo au hapana, basi. Lakini Asnath aliuliza tena, swali lake mwenyewe, na kwa sauti kubwa maana mama yule sikio moja zito: "Na wewe unaitika?"

"Naitika abee. Nisipoitika nani ataniamsha? Tangu afe sijachelewa shamba hata siku moja."

Mtu wa mbali hataona kosa hapo. Wa Kigwa ataliona. Kumsikia marehemu si neno; nani hajasikia? Neno ni kuitika. Mtoto hufundishwa mapema: ukiitwa usimwone akuitaye, funga mdomo. Anayeitika, ana shughuli na wafu.

Jioni ile Recheli alikuwa ameshalifikisha neno kisimani. Hakatai.

"Mimi sikusema mchawi," anasema, akiwa amesimama mlangoni kwake, mikono kiunoni. "Nilisema anaitika. Sasa kama watu wana akili za kuunganisha, nizifunge kamba? Na huyo dada wa kishikwambi ndiye aliyeuliza, si mimi!"

Asnath amesikia yaliyowahi kuwapata wanawake wazee wa huku, wenye macho mekundu kwa moshi wa jikoni, neno la uchawi lilipowatangulia. Hapendi kuyazungumza. Akiguswa hapo hutazama pembeni, akikunjakunja ncha ya kitenge.

Utafiti unataka kila mtu aulizwe mara mbili, ionekane kama majibu yanasimama. Ndiyo maana leo amerudi.

"Shikamoo, mama."

"Marahaba. Umekuja kuniandika tena?" Imakulata hachekeshwi na maneno yake mwenyewe. Anafunga mlango, kisha dirisha. "Haya, uliza. Taratibu. Mdomo wako una spika."

Mara ya kwanza Imakulata alikuwa na ndiyo kumi na nne. Leo, swali la kwanza hapana. La pili hapana. La tisa, kabla halijamalizika, hapana. Sabini na manne yote, hapana tupu.

Yanafuata maswali ya nyongeza, ya maisha ya kila siku. Katika siku kumi na nne zilizopita, siku ngapi umeshindwa kazi zako za kawaida? Wiki mbili nyuma alijibu, "Hata moja, nani atanilimia?" Leo anahesabu kwa vidole, anarudia.

"Tisa."

Kwenye kioo cha kishikwambi, Imakulata amekuwa mtu mwenye akili iliyonyooka kuliko kijiji kizima, na hawezi kwenda shamba.

Asnath anakizima. Hapo ndipo mama anazungumza. Sala ya jumuiya ilikuwa zamu ya nyumba yake Alhamisi; aliandaa viti, wakaenda kusali kwingine. Mtoto wa jirani aliyekuwa akija kuomba chumvi haji. Kisimani yeye huenda jua likiwa utosini, wengine wakiwa wameondoka.

"Na marehemu bado anaita," anasema polepole. "Nanyamaza. Nalala tena. Nikiamka, jua liko juu, nami sina pa kwenda."

Nje, kwenye mihogo, Asnath anampigia msimamizi wake, Vedasto, aliyeko Tabora.

"Dada Asnath, jaza alichosema," sauti ya Vedasto inasikika. "Sisi hatupimi ukweli, tunapima majibu."

"Majibu nimeyaharibu mimi."

"Andika maelezo chini."

"Maelezo yatamrudishia jumuiya?"

Vedasto anamwambia asifanye la kijinga, mikataba inaisha mwezi ujao na majina ya watakaoongezewa hayajapangwa.

La kijinga ameshalipanga. Kwenye semina, wadodosaji wote kumi na wawili walijaza dodoso wenyewe, kwa mazoezi. Swali la tisa Asnath aliandika hapana. Ulikuwa uongo. Mama yake, aliyefariki miaka minne sasa, humwita akiwa anaosha vyombo.

"Niliogopa kazi," anasema. "Na unajua kwa nini nilimuuliza yule mama kama anaitika? Nilitaka kujua mwenzangu anafanyaje. Maana mimi huitika."

Jumamosi kuna mkutano wa kitongoji. Mwenyekiti, mzee Silasi, amempa dakika kumi aeleze utafiti. Ya mtu mwingine hawezi kuyatoa. Alisaini kutunza siri. Lakini yake ni yake. Atasoma swali la tisa mbele ya wote, atalijibu mwenyewe, kisha atajibu na lile ambalo halikuwemo. Baada ya hapo atauliza nani mwingine.

Anarudi mlangoni kumweleza Imakulata. Mama anasikiliza kwa sikio zima, kisha anaruhusu jina lake liandikwe gazetini. "Kisimani wameshalitaja bure," anasema. "Bora litajwe na maneno yangu." Atakuja Jumamosi, atakaa mbele.

"Na ukiuliza, wakanyamaza wote?"

Asnath anaukaza mfuko wake.

"Basi tutakuwa wawili, mama."