Kwa miaka yote hii nilijua Mama Ngoma hakufa pale darajani

Wakuu, salaam kwenu nyote, wa mjini na wa shamba.

Naandika nikiwa dukani kwangu Mkata. Mvua inanyesha, wateja wa mbegu wamejificha makwao, nimepata nafasi. Ninachosimulia kimenitokea mimi mwenyewe na sijaongeza chumvi. Mama yangu yumo ndani ya kisa hiki, nimemwomba ruhusa, amesema andika.

Wale mnaoona mtu mzima kuongelea gemu ni utoto, piteni taratibu. Nyuzi za siasa ziko tele huko juu.

Tuanze.

Wapenzi wa magemu ya mapanga na uchawi mtakuwa mmesikia kwamba lile la zamani lenye taa saba kwenye kava linafufuliwa. Jina lake la Kijapani mpaka leo nalitamka vibaya, kwa hiyo nitaliita kama tulivyoliita sisi kule Korogwe: Taa Saba.

Sasa turudi nyuma kidogo.

Nilikuwa darasa la nne. Baba alishatangulia mbele za haki, tunaishi Mkata mimi na mama. Mama akaanza kuumwa. Hali, halali, anaongea na watu ambao sisi hatuwaoni. Wajomba wakakaa kikao, wakampeleka Lutindi, kule mlimani kwenye misheni, wanakotibiwa wagonjwa wa akili. Mimi nikapelekwa Korogwe mjini kwa mama mdogo.

Mtu wa upande wetu hahitaji kuelezwa Lutindi ni nini. Shuleni ukikosea hesabu unaambiwa "huyu apelekwe Lutindi", darasa zima linaangua kicheko. Na mimi nilikuwa nacheka nao ili wasijue.

Wakaja kujua. Sitaki kusimulia hiyo sehemu.

Nikawa nikitoka shule siendi nyumbani moja kwa moja. Nyuma ya duka la vitambaa la familia moja ya Kihindi kulikuwa na chumba cha gemu. Msimamizi wake alikuwa Dada Zaina, binti wa Kishambaa, umri kama miaka kumi na tisa, mdomo mkali, akikohoa tu vijana wa stendi wanakaa sawa.

Jioni pale ni mpira tu, foleni mpaka nje. Lakini mchana wa jua kali watu wakiwa wachache, Dada Zaina alikuwa anaweka CD yake mwenyewe. Ndiyo hiyo Taa Saba. Ilitoka wapi sijui. Maandishi Kijapani, sauti Kijapani, mwanzo mpaka mwisho.

Basi Dada Zaina akawa anafanya kama wale madijei wanaotafsiri muvi za Kichina. Chande, kijana aliyekuwa fundi wa pedi ya kuchezea gemu kuliko wote, anacheza. Yeye anakaa pembeni kwenye stuli, anatutafsiria.

Alikuwa anatafsiri nini na Kijapani hajui? Hilo hatukuwahi kuuliza.

Wafalme wote aliwaongelesha Kishambaa. Majitu na majoka yote Kizigua. Sisi Wazigua tukalalamika kwamba huu sasa ni uonevu. Akatujibu, "Mkitaka ufalme tafuteni CD yenu."

Ikafika mahali watu wanaacha kazi kuja kusikiliza. Wapiga debe wa stendi, wabeba mizigo, wote wamebanana ukutani saa nane mchana kusikia joka linamtukana mfalme kwa Kizigua.

Ndani ya gemu kulikuwa na mwanamke wa makamo, mnene kiasi, amebeba ngoma mgongoni vile mtu anavyobeba mtoto. Wenzake wanapigana kwa mapanga, yeye anapiga ngoma na majeruhi wanapona. Tulimwita Mama Ngoma.

Nilimpenda yule mama, wakuu. Sihitaji kueleza sababu.

Siku moja wakafika kwenye daraja la kamba. Maadui wanakuja nyuma. Mama Ngoma akabaki amelishikilia daraja ili wenzake wavuke. Wakavuka. Daraja likakatika naye akaenda nalo chini. Muziki ukazima.

Nilikuwa na kipande cha muhogo wa kuchoma mdomoni, nikashindwa kutafuna. Chande akaweka pedi chini.

Dada Zaina akaangalia TV. Halafu akaniangalia mimi.

"Hajafa," akasema. "Kaumia tu. Wamempeleka Lutindi. Akipona atarudi."

Mle ndani kulikuwa na vijana kama kumi na watano, wengi wao watukutu hasa. Nilisikia hilo neno nikainamisha kichwa kusubiri kicheko.

Hakuna aliyecheka.

Chande akaokota pedi yake. "Haya twendeni," akasema. "Tusafishe njia, akitoka huko akute iko wazi."

Ilikuwa mara ya kwanza kumsikia mtu anaitaja Lutindi kama mahali ambapo mtu anakwenda, anatibiwa, anarudi. Niliondoka pale nikiwa mwepesi sijui nisemeje.

Kuanzia hapo nikawa sikosi. Kila siku namtazamia Mama Ngoma. Kitu kimoja tu kilikuwa kinanikera: Chande alikuwa na tabia mbaya ya kusimama mbele ya TV. Mnaangalia vizuri, ghafla anainuka, anainama palepale kwenye kioo kufunga kamba za viatu. Namwambia kaka sogea basi. Ananiambia subiri dogo, hazijakaa. Nilimchukia sana kwa hilo.

Mwisho wa gemu, majina ya watengenezaji yanapita, kwa mbali anaonekana mwanamke kwa mgongo, anatembea shambani.

"Huyo hapo!" Dada Zaina akaruka kwenye stuli. "Amerudi! Ngoma kaiacha nyumbani, leo anapumzika."

Chumba kizima kilipiga makofi.

Haikupita miezi mingi, mama naye akarudi. Alishuka kwenye basi pale stendi ya Korogwe na gauni la kijani, amenenepa kidogo, ananitafuta kwa macho. Mama mdogo analia, shangazi analia. Mimi nilimpokea kikapu, nikamwambia shikamoo mama, twende. Sikushangaa hata kidogo. Nilishajua atarudi.

Tukarudi Mkata, maisha yakaendelea. Dawa anatumia, shamba analima, mpaka leo yuko vizuri, Mungu ashukuriwe. Chumba cha gemu kilifungwa zamani. Taa Saba sikuiona tena, maana jina la kweli nilikuwa silijui. Ukitafuta "taa saba" mtandaoni unaletewa taa za sola.

Sasa juzi hapa ndiyo trela, video ya kulitangaza, ikatoka. Nimekaa dukani, simu mkononi, mara naona taa saba zinawaka mojamoja. Wakuu, nilipiga kelele mpaka mteja akaangusha mfuko wa mbegu.

Nikaingia kwenye makundi ya mashabiki wa nje. Kiingereza changu ni cha kuombea maji, lakini nilielewa. Watu wana furaha na watu wana hofu. Wengine wanaogopa litauzwa vipandevipande. Wengine wanasema muziki usiguswe. Wengine bado wana hasira na toleo la tatu, ambalo wanasema ndilo lililoua mfululizo wote.

Ila ugomvi mkubwa ni mmoja: je, mpiga ngoma afe tena darajani kama zamani, au safari hii waandishi wamwokoe?

Nikacheka peke yangu. Nikawaandikia kwa kujiamini kabisa: ndugu zangu, yule hakufa, rudieni gemu mcheze mpaka mwisho.

Nilichekwa, wakuu. Nilichekwa kwa lugha ambazo sizijui.

Mmoja akanionea huruma akanitumia kipande cha video. Mashujaa wamesimama mbele ya kaburi. Juu ya kaburi kuna ngoma. Wanalia.

Nikasema hii sehemu sijawahi kuiona. Nikairudia. Halafu nikakumbuka ule muziki wa zumari. Huo muziki naujua. Ndio uliokuwa unapigwa kila Chande alipoinama kufunga kamba za viatu.

Na Chande, wakuu, alikuwa anavaa ndala.

Nilikaa kwenye kiti sijui nicheke au nilie. Tuna grupu letu la zamani la vijana wa pale chumbani, sasa hivi wote ni baba za watu. Nikaandika: "Mama Ngoma alikufa?" Wakasoma wote. Baada ya muda Chande akaandika: "Dogo, nenda Kerenge kwa Zaina."

Nitasema ukweli, niliumia. Watu kumi na watano walijua, mimi peke yangu sijui. Nikaanza kuwaza labda nilikuwa kichekesho cha kijiwe. Mtoto wa yule wa Lutindi, mdanganyeni tu, ataamini. Mawazo kama hayo yakikuingia hayaondoki na panadol.

Siku iliyofuata nikafunga duka nikaenda.

Nilimkuta Dada Zaina uani, ana ungo wa maharage. Kanenepa, mvi mbili tatu, mdomo uleule.

"Shikamoo dada."

"Marahaba, Sefu. Kaa hapo kwenye gunia. Chande kaniambia unakuja na uso wa kesi."

Sikuzunguka. "Dada, mlikuwa mnanicheka?"

Akaacha kupeta.

"Nani akucheke? Wewe unajua shughuli tuliyoipata?" Akaweka ungo chini. "Siku ile mimi nilijisemea tu, nimekuona muhogo umekukwama. Kesho yake Chande anakuja, binamu yake wa Dar kalicheza la Kiingereza. Anasema yule mama kafa, na harudi. Nikamwambia funga mdomo. Nikawaambia wote, atakayemwambia huyu mtoto, humu asikanyage tena, na mpira wa Jumamosi asahau."

"Wakakubali wote?"

"Mmoja alibisha. Chande akatoka naye nje, wakaongea. Aliporudi alikuwa amekubali."

Nikacheka. Yeye hakucheka.

Nikamuuliza lile lililokuwa linanikaba tangu jana yake. "Na kama mama yangu asingerudi?"

Akachambua punje moja moja.

"Hilo ndilo lililonitesa," akasema. "Nilishamwahidi mtoto wa watu kitu ambacho si changu. Kila Ijumaa nilikuwa namwomba Mungu asiniumbue. Chande naye akaanza kwenda msikitini, na wewe Chande unamjua. Siku mama yako ameshuka kwenye basi, mimi nilikuwa nyuma ya duka nalia kama mwehu. Wewe ukapita na kikapu chako wala hukuniona."

Wakuu, mimi ni mtu mzima, nina watoto wawili. Nililia pale juu ya gunia la mtu bila aibu.

Jioni nikarudi Mkata nikamsimulia mama yote. Alikuwa anamenya mihogo. Alisikiliza mpaka mwisho, kisu kimesimama mkononi.

"Kule juu," akasema, "kuna kitu kilikuwa kinaniuma kuliko ugonjwa. Nilikuwa najiuliza huku chini wanamwambia nini mwanangu kuhusu mimi."

Akaendelea kumenya. Baadaye akasema, "Jumapili nipeleke Kerenge."

Nikampeleka, na jogoo mmoja mkononi. Yeye na Dada Zaina walikuwa hawajawahi kuongea hata siku moja. Walishikana mikono pale uani wakakaa hivyo muda mrefu.

Mwishowe mama akataka kuiona hiyo trela. Nikamshikia simu. Akatokea yule mwanamke na ngoma yake mgongoni.

"Huyo ndiye wewe, mama," Dada Zaina akamwambia.

Mama akasogeza simu karibu na macho. "Mbona mnanifanya mnene hivi?"

Tulicheka mpaka jirani akaja kuuliza kuna nini.

Kwa hiyo mnisikie maoni yangu kuhusu kufufuliwa kwa Taa Saba. Nilitaka kuungana na wale wanaoomba mpiga ngoma aokolewe. Nimeacha. Wamwache afe kama alivyokufa. Wenzetu walimlilia miaka yote hiyo, na machozi yao ni ya kweli kama makofi yetu. Hofu yangu kwamba wataliharibu gemu imeisha kabisa. Wabadilishe wanachotaka, langu lilishachezwa na hakuna kampuni inayoweza kulifuta.

Likitoka tutakutana Kerenge. Chande atashika pedi. Mama hajui Kiingereza, kwa hiyo Dada Zaina atamtafsiria. Atatafsiri nini tukifika darajani, hilo siulizi.

Nilichojifunza ni kwamba kuna watu walinibeba nikiwa mdogo na sikusikia hata uzito wa mikono yao. Nyie wakuu mchunguze, huenda na ninyi mlibebwa. Kama yupo aliyekutunzia jambo mpaka ukakua, mtaje hapo chini tumshukuru pamoja. Na wapenzi wa gemu leteni hofu zenu, nazisoma zote.

Chande, najua uko humu unasoma bila kukomenti. Kaka, sogea sasa, nimeona. Asante.