Mtoto Hapimwi Amelala

Neno lilikuwa limeandikwa mara themanini na tisa katika safu ya mwisho ya jedwali. "Mama amekataa. Sababu: ujinga." Rosine Uwizeye alilisoma katika maktaba ya chuo kikuu mjini Goma, akaifunga ripoti, akaifungua tena aone kama macho yamemdanganya. Hayakumdanganya. Yuko mtu mzima, tena msomi, aliyeketi akaandika neno hilo mara themanini na tisa bila mkono kumchoka.

Ripoti ilihusu urefu wa watoto wa Munigi, kijiji kilicho nje kidogo ya mji. Mtoto ambaye hajafikisha miaka miwili hupimwa amelala chali juu ya ubao wenye namba, kwa sababu bado hawezi kusimama wima akatulia. Akina mama wengi walikataa. Waliokubali walikuwa wachache wenye nyumba nzuri kando ya barabara, na watoto wao walikuwa wamenawiri. Basi ripoti ikasema kwamba watoto wa Munigi wanakua vizuri, na unga wa uji uliokuwa ugawiwe huko ukapelekwa kwingine. Hivyo ndivyo mtoto anavyonyang'anywa chakula kwa kalamu, na aliyeishika kalamu hiyo akaitwa mtaalamu.

Rosine alikuwa binti wa Munyaneza, mkulima wa maharagwe wa Kalengera. Chuoni alisoma mambo mawili kwa pamoja: anthropolojia, yaani maisha ya watu na desturi zao, na biolojia ya binadamu, yaani mifupa, damu na makuzi. Baba yake aliwaambia majirani kwamba binti anasomea udaktari, naye Rosine akamwachia, maana kueleza kungemaliza msimu mzima wa palizi. Wenzake walimwita popo, si ndege si mnyama. Wa biolojia walisema amejaa hadithi za bibi, wa anthropolojia walisema ananuka dawa za maabara. Mshika mawili moja humponyoka, walimkumbusha kila mara. Aliwajibu kwamba bado hajaona mfupa uliozaliwa bila mama.

Ripoti ile ilikuwa ya Profesa Zéphirin, na Profesa Zéphirin ndiye aliyesimamia kazi ya Rosine ya kumaliza masomo. Alimtuma Munigi akarudie vipimo, akamwonya asipoteze muda na maneno: ajitambulishe, apime, aandike, aondoke.

Siku ya kwanza nyumba kumi na moja zilimkatalia. Hawakumtukana. Walimpa kiti, wakamuuliza kwa Kinyarwanda habari za Kalengera na za mvua, na alipoutoa ubao, mtoto akafungwa mgongoni kwa kitenge na mazungumzo yakaisha. Katika nyumba ya kumi na mbili mtoto alikuwa amepita miaka miwili. Huyo alipimwa amesimama, na mama yake hakupinga. Rosine aliduwaa. Ni ujinga gani huu unaomtoka mama siku mtoto wake anapotimiza miaka miwili?

Akarudi nyumba ya jirani, kwa Mama Sidonie, ambaye asubuhi alikuwa amemkatalia. Safari hii aliuacha ubao nje ya mlango, akaketi, akamsaidia kuchambua maharagwe. Kisha akauliza. Mama Sidonie hakuwa na haraka. Alimweleza habari za mwaka wa surua, seremala wa majeneza alipokuwa akipita nyumba hadi nyumba na ubao wake wa kupimia, na kila mtoto aliyelazwa juu yake alikuwa amekwisha kufa. Mmoja wao alikuwa wa kwake.

"Mutoto anapimwaka amelala siku moja tu," alisema, "na ile siku hatumuite tena jina yake. Sasa weye unakuja na ubao, unaniambia nimulaze. Unatafuta kumupimia nini?"

Rosine aliona haya, halafu haya ikageuka hasira. Akina mama themanini na tisa walikuwa na sababu hii moja vinywani mwao, na hakuna mtu hata mmoja aliyewauliza. Ujinga ulikuwepo kweli Munigi siku zile, ila ulikuja kwa gari la chuo na ukaondoka nalo.

Kesho yake alirudi na ubao uliofunikwa kitenge. Alimwomba Mama Sidonie amlaze mtoto mwenyewe, amshike kichwa mwenyewe, na amwite jina muda wote wa kupima, kwa vile maiti haiitwi. Kitenge hakiongezi urefu wala hakipunguzi. Mama akaita, "Igiraneza, Igiraneza," na mtoto akamchekea. Alikuwa na miezi tisa na sentimita sitini na tatu, wakati wenzake wa umri huo hukaribia sabini.

Habari zikaenea. Katika wiki tatu Rosine alipima watoto mia moja na arobaini, na karibu nusu walikuwa wamedumaa kwa njaa. Yote hayo, ya seremala na ya kitenge na ya majina, aliyaandika katika sura ya tatu.

Profesa Zéphirin alizifurahia namba, akaikata kwa mstari sura ya tatu. Hadithi za akina mama si sayansi, alisema. Rosine akamweleza kwamba namba hizo zimepatikana kwa sababu ya sura hiyo. Ikitolewa, mpimaji ajaye atakwenda na ubao mtupu, atakataliwa, ataandika ujinga, na unga utapita tena kando. Profesa akamjibu kwamba achague mwenyewe: sura au diploma. Rosine alitoka ofisini mle akiwa amekasirika hata njia ya kwenda Keshero, anakoishi, akaikosa.

Siku ya kuitetea kazi yake alikuja na sura zote. Watahini walikuwa watatu, na mwenyekiti wao alikuwa Profesa Henriette wa anthropolojia. Profesa Zéphirin alisimama akaomba sura ya tatu ifutwe. Mtu anayekataa kipimo, alisema, anakataa kwa kutojua, na kutojua hakuhitaji kurasa arobaini.

Rosine alisogeza meza mbili zikakutana, akatoa futi ya seremala.

"Professeur, naomba ulale hapa juu, nikupime. Ni dakika moja tu."

Mtu mmoja nyuma alicheka, akanyamaza. Profesa Henriette angeweza kumzuia. Badala yake alisema kwamba kama ni kipimo tu, haoni ubaya. Profesa Zéphirin aliitazama meza, akaitazama futi mkononi mwa yule msichana. Alikuwa amezaliwa Rutshuru, akakulia kwenye nyumba kama zile za Munigi. Alirudi hatua moja.

"Siwezi kulala pale," alisema. "Mimi siko maiti."

Ukumbi mzima ulimsikia. Rosine akafungua jedwali lake kwenye ukurasa mweupe, akaandika jina la Profesa, akaandika kwamba amekataa.

"Na kwenye sababu, Professeur, niandike nini?"

Profesa Zéphirin aliketi, na watahini wakaipitisha kazi bila kuigusa sura ya tatu.