Shikamoo Kwenye Kituo cha Kwanza

Mimi shule niliiacha darasa la nne, na leo nina malori matatu ya kubeba mawe ya kujengea. La kwanza nililinunua wakati wenzangu waliomaliza masomo bado wanatafuta kazi. Uwanja wa besiboli kule Tezo niliusawazisha mimi, kwa trekta langu, bila kuombwa na mtu. Binti yangu wa miaka kumi na miwili alikuwa akicheza, basi. Kwa hiyo kila Jumamosi nilisimama nilipotaka, na nilipopapenda ni chini ya mkorosho, hatua mbili kutoka kituo cha kwanza.

Kocha wao alikuwa mwalimu wa msingi, mwanamke mfupi, sauti yake ya chini. Nimeajiri madereva, mafundi na wapakiaji, lakini mtu ajuaye kufundisha kama yule sijamwona. Watoto wetu wamekulia kandanda: mpira ukija unatambaa ardhini, wanausimamisha kwa mguu. Kocha hakupiga kelele. Aliokota vidaka, vile vinazi vichanga vinavyopukutika, akawabingirishia mmoja mmoja, nao pekupeku. Aliyetanguliza mguu, dole gumba lilimfunza. Jumamosi ya pili wote walikuwa wamechutama, mikono chini, macho hayabanduki kwenye mpira. Nikasema moyoni, huyu ningempa malori yote ayasimamie.

Shida ilikuwa kwenye kukimbia. Mtoto akishaupiga mpira hukimbilia kituo cha kwanza, na kwetu kituo ni gunia la mchanga. Akilikanyaga kabla mpira haujamfikia mlinzi aliyesimama pale, yu salama, hata akipitiliza mbele. Hana haja ya kupunguza mwendo. Binti yangu ana mbio kuliko wote, hilo kalirithi kwangu, na bado alikuwa akitolewa kila mara.

Ikafika Jumamosi ya kuchagua timu ya kwenda kucheza Kikambala, na nafasi ilikuwa imebaki moja. Binti yangu akapiga, akaja kama mshale. Alipolikaribia gunia akapunguza, akainamisha kichwa.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba, mwanangu."

Mpira ulikuwa umeshatua kwenye glavu ya mlinzi. Katoka.

Mama muuza mihogo akaangua kicheko. "Mzee, utaimaliza timu nzima kwa marahaba zako!"

Kweli, wote walikuwa wakinisalimu. Nyumbani kwangu, na kwa majirani vilevile, mtoto hapiti mbele ya mtu mzima hivihivi. Kocha akanijia.

"Shikamoo, mzee wangu."

"Marahaba, mwalimu."

"Hawa wanaotolewa hapa, wewe ndiye unayewatoa."

Nilikuwa tayari kumkumbusha nani aliyesawazisha uwanja. "Kwa hiyo nihame?"

"La, usihame. Kikambala nako watakuwapo wazee kando ya mstari, na hao siwezi kuwaondoa. Simama papo hapo. Wakikusalimu, usiitikie." Akawageukia watoto. "Mzee mtamwamkia mkishapita gunia. Kabla ya hapo hayupo!"

Mimi, mwenye malori matatu, nikawa kifaa cha mazoezi. Watoto wakapita mmoja mmoja, wengine wakiuma midomo. Binti yangu akapunguza tena, mara mbili.

"Hii ni ya mwisho," kocha akamwambia. "Ukipunguza, Kikambala utakwenda kushangilia."

Akapiga vibaya, mpira ukatambaa kwa mlinzi wa kati. Yule naye akachutama sawasawa, akaudaka, akautupa bila kusita. Binti yangu anakuja, macho yananitazama mimi, midomo inamcheza. Niliubana mdomo wangu hata taya zikauma. Hakupunguza. Nilisikia mguu ukilikanyaga gunia, kisha ndipo mpira ukagonga glavu, na vumbi lote likaishia kwenye kanzu yangu.

"Salama!" kocha akaita, sauti yake ya juu kwa mara ya kwanza. Akachukua daftari, akaandika jina la mwanangu.

Nikamwendea nikamwambia asihangaike na usafiri, lori langu moja litawapeleka Kikambala.

"Watoto si mawe, mzee wangu," akasema, bado anaandika. "Tutafutie gari lenye viti."

Nikatafuta.