Apareyi ya kadirisha, toka Luano mpaka Karavia

Ku mur ya salon yangu, penye foto za jamaa zinatundikwa, hapa Kampemba, mukwe yangu Célestin iko nywele tu. Kuya uone. Foto ya ndoa: nywele. Foto ya Noeli: nywele na sikio moja. Usifikiri iko na sura mubaya, hapana! Ni bukwe. Siye bantu benye bakambo yetu balitoka Kasai, bwana ya mutoto yako haangaliake mama-mukwe ku macho. Nikipita, anainamisha kichwa. Kama iko na neno, anamuambia bibi yake, mutoto yangu Béa: "Ambia mama bukari iko tayari." Na mi niko pale pale, masikio yote mbili inasikia! Ye baba yake alikuwaka wa reli, bantu ba nord, nao bukwe banajua. Alipooa kwetu, akachukula ya kwabo na ya kwetu, akatia yote yulu ya shingo moja.

Sikia sasa maneno yenye ilinitosha ku nyumba ile dimanche, siku ya kubatiza mutoto wa Béa. Béa na Célestin balingoja mutoto miaka mingi, paka siye bote tukaacha kuuliza. Kisha Mungu akabapa kamwanaume, bakakapa jina ya marehemu bwana yangu: Mukendi. Marehemu alikuwaka fotografe, studio yetu ilikuwa ku barabara kubwa. Mi masomo nilikomea chini kabisa, nikaenda kuuzisha makala na mama, lakini ye alinifundisha apareyi ya foto sawa muntu anafundisha muntu kupika. Kwetu tulikuwa na desturi: kila mujikulu, mutoto wa batoto yetu, ku fête ya batême, siku anabatizwa, anapigwa foto mu mikono ya baba yake. Bote beko ku mur. Huyu mwenye kubeba jina ya marehemu, nani atamupiga? Ni mi. Musumari nilishapigilia tangu siku alizaliwa. Na Célestin alikuwa anaenda Kolwezi kesho yake, kazi ya miezi mingi. Kama si leo, mutoto ataota meno, atatembea, musumari ingali tupu.

Sasa mujikulu yangu Nicole, iko Ulaya, aliniambia ku telefone: "Kambo, nilikupatia apareyi. Ya digital, lakini ya namna ile ya kambo mwanaume, ile ya kadirisha pembeni. Rafiki yangu Clarisse atakuletea, atashuka Luano dimanche." Weye! Usiku ule sikulala vizuri, sawa mutoto wa batême alikuwa ni mi.

Asubui nilipanda taxi ya Papa Kalala, jirani yetu. Nilimuomba mutuka ya siku nzima, nikavala kitenge yangu ya maua ya manjano, na mu sac nikatia chupa ya munkoyo, kinywaji yetu ya mahindi, juu sijue ku fête ya bantu ba Karavia banakunywaka nini.

"Mama," Papa Kalala anasema, "unaenda kuchukula muntu ao muzigo?"

"Naenda kuchukula jicho yangu."

Akawasha mutuka: "Bon. Jicho haina bagage, tutarudi mbio."

Luano, ku kiwanja ya ndege, bantu balikuwa bengi inje, banangoja bale ba ndeke. Clarisse alitoka, mutoto muzuri, anasukuma mavaliji, akanikumbatia sawa tulijuana zamani. Akanipa kale ka sac keusi. Nikafungua pale pale yulu ya magoti yangu mu mutuka. Eh Maweja! Nzito sawa kuku ya kienyeji. Chuma tupu, haina plastiki ya kuchekesha.

"Kambo, sikiliza," Clarisse anasema. "Hii hapana ile inafanya yote yenyewe. Unaangalia mu kadirisha huku pembeni, kisha unazungusha hii pete paka foto inakuwa safi."

"Mwanangu, unafundisha samaki kuoga?"

"Haya. Na bushon, kale kafuniko ka mbele, kambo, usisahau kutosha bushon."

"Ndiyo, ndiyo, ndiyo." Mi nilikuwa nishaweka jicho mu kadirisha, nilisikia nusu tu. "Lakini hapa Luano hapana piga, banakataza," Clarisse akamaliza, akaenda na mavaliji yake, akaniacha na furaha yangu.

Mu mutuka nilimuangalia Papa Kalala. Sasa nikuambie vile ile apareyi iko. Mu katikati ya kadirisha kuko kadoa kanangaa. Mu kale kadoa, kila kintu inaonekana mara mbili. Papa Kalala alikuwa na pua mbili na mandevu mbili, sawa mapasa. Unazungusha pete pole pole. Papa Kalala moja anatoka huku, mwingine anatoka kule, banakaribiana, banaogopana kidogo, kisha paf! banaingiana, anakuwa muntu moja. Hapo njo unafinya. Mikono yangu, haki ya Mungu, ilikumbuka yenyewe. Miaka yote hii, tangu batelefone baliua studio yetu, nilifikiri mikono ilishasahau. Kumbe ilikuwa inangoja tu.

Mu njia ya kurudia mujini, tulipita Luano kidogo, nikamuambia Papa Kalala asimame penye bale bamama banauzishaka mikate. Nilimupiga ye kwanza, ameegamia mutuka, tumbo mbele sawa gouverneur. Kisha nikapiga mama moja wa mikate, mukono mu mafuta na unga, anacheka.

"Kambo, nionyeshe!" anasema.

"Hapana. Foto haionyeshwake ingali mubichi."

"Foto ya leo inakuwaka mubichi?"

"Kwetu ndiyo."

Juu marehemu alikuwa na sheria: klient asione foto mbele ya kufika kwake, na fotografe naye asijione muzuri haraka. Lakini hii apareyi iko na ekra, kale kioo ka kuonyesha foto, ku mugongo, unaweza kuona palepale. Mi niliizima. Nicole alishanionyesha ku telefone, mbele ya kuituma, vile banaizimaka, na ya batri pia nilikuwa nafikiri. Nikapiga, nikapiga. Mwanaume wa velo na magunia ya makala. Batoto ba chorale ya kanisa na marobe meupe. Mbwa moja amelala mu kivuli ya kamion. Yote muzuri sana mu kadirisha, vraiment.

Karavia tulifika wakati sombe, majani ya muhogo, ilikuwa inachemuka. Nyumba ya Célestin iko karibu na mayi, upepo unatoka kule, bantu balitandika meza inje mu parcelle. Béa alinipa mutoto. Kamukendi! Kana paji ya uso ya marehemu, kanakunja sawa klient hakulipa. Na mama ya Célestin alikuwa pale, Mama Ngoy, mukwe mwenzangu. Ule mama hanaachake mudomo kulala.

"Ba Kasai bamefika! Ficheni nyama!"

"Nyama gani? Nilileta munkoyo yangu juu yenu ni mayi tupu!"

Tukakumbatiana, tukacheka. Célestin akapita mbali, kichwa chini, akamuambia mutungi ya maua: "Mama alifika? Mama akaribie."

Nikasema mbele ya bote: "Leo nataka foto ya Mukendi na baba yake. Na baba yake iko na uso."

Célestin akakaa ku kiti, mutoto mu mikono, anaangalia viatu yake. Béa akasema: "Célestin, inua kichwa." Ye: "Ambia mama siwezi." Na mi pale, na chuma yangu, nilisimama tu. Musumari niliwaza, ule wa ku mur.

Mama Ngoy njo alitosha neno. "Sikilizeni. Apareyi ni mulango. Mukwe mwenzangu akiiweka ku uso, iko nyuma ya mulango. Célestin anaangalia mulango, haangalie mama-mukwe. Bukwe haivunjike."

Bantu bazima bakatikisa vichwa: ni kweli, ni mulango. Nikaweka apareyi ku uso. Célestin akainua kichwa pole pole... na akainamisha mbio.

"Béa," anasema na viatu, "ambia mama jicho yake ya kushoto iko inje."

Ni kweli! Ile ya kadirisha iko pembeni, haifunike uso yote. Jicho moja inaingia, ile ingine inabakia inje inaangalia bantu. Marehemu alinifundisha kuacha yote mbili wazi, ili uone muntu mbele aingie mu foto. Bantu balicheka paka bakashika matumbo. Bon, nikafunga ya kushoto, nguvu, sawa muntu anakula ndimu.

Akainua kichwa.

Mbele alikuwa babiri mu kale kadoa. Nikazungusha. Bakakaribiana, bakaingiana. Na nikamuona. Miaka yote ile, njo mara ya kwanza. Iko na mwanya mu meno ya mbele. Iko na kovu kadogo chini ya jicho. Na macho yake ni ya muntu hanalala vizuri juu ya kupenda mutoto. Nilipiga, nilipiga, nikapiga tena, mayi ya macho inajaa mu kadirisha.

Kisha tukakula: bukari, sombe, samaki ya Kasenga. Tulipomaliza bote bakalia: "Foto! Foto!" Nikasema bon, sasa imeiva. Béa akawasha ekra.

Nyeusi.

Akafinya ingine. Nyeusi. Ingine. Papa Kalala mweusi, mikate nyeusi, chorale nyeusi, mbwa mweusi, mukwe yangu mweusi.

"Yoo!" Mama Ngoy anasema. "Mukwe, ulipiga foto za makala? Si uliacha kuuzisha zamani?"

Béa akageuza apareyi, akaangalia mbele yake. "Mama. Bushon."

Kafuniko kale, nyeusi, kalikuwa kangali ku mudomo ya apareyi tangu Ulaya! Sasa unaniuliza, kambo, hukuona giza? Sikuona, juu mu hii apareyi kadirisha iko na njia yake na jicho ya foto iko na njia yake. Weye unaona dunia yote, ye amelala. Na apareyi ya marehemu, bushon yake ilipotea mbele ya mutoto wangu wa kwanza kuzaliwa. Mukono yangu ilikumbuka yote. Bushon haikuikumbuka, juu haikuijua.

Nikakaa chini. Kucheka nilicheka na bo, lakini macho yangu ilikuwa ku jua. Jua lilikuwa linashuka, Célestin kichwa chini tena, na nani atamuomba mara ya pili?

Mama Ngoy akainua kidole. "Ngojeni. Mulango ilikuwa imefungwa. Apareyi haikuona kitu. Alors nani aliona?"

Bantu bakatugeukia. Juu jibu ilikuwa wazi: ni siye babiri. Tuliangaliana bure, uso kwa uso, bila hata foto ya kutuombea.

"Bukwe imevunjika," muze moja akasema. "Célestin alipe mama-mukwe kuku."

Célestin akasimama, mutoto angali mu mukono, akaenda nyuma ya nyumba. Tukasikia kelele ya manyoya. Akarudi: Mukendi mu mukono wa kuume, kuku mweupe mu mukono wa kushoto. Akasimama mbele yangu. Hakusema na Béa. Hakusema na viatu.

"Mama," anasema. "Uso yako nilishaiona, siwezi kuirudisha. Na shingo inaniuma tangu ndoa. Kamata kuku."

"Ngoja kwanza," nikasema. "Miaka yote nilifikiri unaficha pua mubaya."

Alicheka. Mwanya ule wote ukatoka. Mi nilishatosha bushon, Béa aliikamata, akainua yulu ili bote baone. Nikaweka kadirisha ku jicho ya kuume, na ya kushoto nikaiacha wazi, sawa marehemu alisema. Babiri bakawa moja. Nikafinya.

Kuku niliisahau. Iko mu foto, inaangalia fotografe kuliko bantu bote.

Ku kurudi, Papa Kalala alikasirika kidogo juu ya foto yake nyeusi, njo tulizunguka paka njia ya Luano mbele ya jua kuzama. Akaegamia mutuka tena, tumbo ile ile. Mama wa mikate alikuwa angali pale.

"Kambo, umerudi? Foto imeiva?"

"Iliungua. Simama tena."

Hii mara nilimuonyesha palepale, ingali mubichi. Akashika ekra na mafuta yote ya mukono, akaita benzake. Marehemu anisamehe: uso ya muntu anajiona ni foto ingine, na ile sikuwahi kuiona mu studio, juu bo balikuwa banaangalia foto zao kwabo, mbali na mi. Chorale balikuwa bameenda. Mbwa alikuwa palepale, hata kivuli hakubadilisha.

Tulifika Kampemba na giza inaingia, kuku yulu ya magoti, apareyi ku shingo. Nilijifunza nini? Kutosha bushon, bien sûr. Na kuacha jicho ya kushoto wazi. Ile marehemu alinifundisha miaka na miaka, mi nilifikiri ni maneno ya kazi tu.

Sasa musumari haiko tupu. Ku mur, Célestin iko na uso, Mukendi iko na paji yake, na kuku iko na kiburi. Kuku ya kweli inatembea mu parcelle, sitaikula, iko mu foto ya familia.

Na juzi Célestin alinipigia yeye mwenyewe toka Kolwezi, ile ya video. Nilikamata telefone mbele yangu, nikapiga kelele: "Mukwe! Unaniona?"

"Mama," anasema, "shusha telefone kidogo. Naona nywele tu."